Mtu Aliyetoboa Daraja

Alinivunjia henga nyingi za nguo kabla sijaelewa kazi yake ni nini. Nilikuwa mwalimu kijana wa fasihi katika shule moja karibu na Rangwe, nimetoka chuo kikuu na kiburi kipya na viatu vikuukuu, naye alikuwa jirani yangu katika safu ya vyumba vya kupanga nyuma ya soko. Angeingia kunijulia hali, akae kwenye kiti changu cha pekee, na mkono wake uanze kutafuta henga ya waya. Ukishaupata ungeukunja na kuunyoosha, ukaukunja na kuunyoosha, huku mdomo ukizungumza habari nyingine kabisa, labda bei ya mahindi au mhubiri aliyekawia kumaliza. Waya ukikatika, angenipa vipande viwili nishike pale palipokatika.

"Moto, sivyo?"

"Moto."

"Mwalimu, hiyo si nguvu. Hata mtoto anaweza. Ni kule kurudi."

Nilisema ndiyo. Mtu aliyesoma husema ndiyo haraka, hasa asipoelewa.

Nitamwita Mhandisi, kama tulivyomwita sote, kwanza kwa heshima na baadaye kwa kejeli, neno likiwa lile lile. Ukoo wake siujui vizuri. Alitoka upande wa Kuria, mke wake aliuza vitambaa mjini Migori, na hayo yalitosha kumfanya mgeni kwetu hata baada ya miaka ya kula samaki wetu. Alizungumza nasi kwa Kiswahili, nasi tukamjibu kwa kile Kiswahili chetu cha kuvunjia mawe. Mtu asiyeweza kukutukana kwa lugha ya mama yako ni vigumu kumwamini.

Ofisi ya barabara ilikuwa imemleta kukagua madaraja ya chuma. Mengi hayakumsumbua. Lile la kwetu ndilo lililomkalia moyoni: mihimili minne ya chuma iliyolazwa kutoka ukingo hadi ukingo, juu yake sakafu ya zege, juu ya zege vumbi, na juu ya vumbi sisi na mizigo yetu. Lilijengwa zamani, kwa magari madogo na marobota ya pamba. Kisha kiwanda cha sukari upande wa Migori kikaanza kuvuta miwa ya pande zetu, na matrela yakawa yanapita kutwa. Mtu fulani mwenye nia njema akaongeza bamba la chuma chini ya kila mhimili, akalichomelea, ili kuupa mhimili nguvu.

"Na hapo ndipo alipouumiza, kwa moto ule," Mhandisi aliniambia.

Alinipeleka chini ya daraja siku moja baada ya masomo, jambo ambalo sikuwahi kumwona akimfanyia mtu mwingine yeyote. Alipanda jukwaa la mbao alilojifungia kwa kamba, akanivuta nami, suruali yangu ya kufundishia ikachanika. Alisugua chuma kwa brashi pale bamba lilipoishia, akapaka mafuta ya taa, akangoja, akapangusa mpaka pakauka. Kisha akatoa chaki, chaki ya kawaida ya ubaoni, niliyoshuku ilitoka darasani mwangu, akaiponda na kuipaka mahali pale pale. Pakawa peupe. Juu yetu lori la miwa likapita. Nilihisi mhimili ukishuka kidogo na kupanda tena, kama mtu anayevuta pumzi usingizini. Na kwenye weupe ule ukajichora mstari mwembamba wa mafuta, ambao haukuwapo kabla ya lori.

"Ufa unapumulia hapo," alisema. "Mafuta yameingia ndani, sasa yanatoka. Rangi ingekuficha. Rangi ni uongo unaokauka."

Nilimuuliza utafika wapi. Alinionyesha kwa kidole: utapanda na kula unene wote wa chini wa mhimili, kisha utaingia ubavuni, na hapo hautatembea tena, utakimbia.

Dawa yake, kama alivyonieleza, ilikuwa na hatua mbili. Kwanza unatafuta ncha ya ufa, pale hasa unapoishia, unatoboa tundu la mviringo. Ncha kali ikiangukia kwenye tundu inakosa mahali pa kuuma, kama panya aliyetumbukia debeni. Hilo linakununulia muda. Pili, unafunga mabamba pande zote mbili za mhimili kwa bolti nzito, bolti tupu, bila kuchomelea hata kidogo, ili mzigo upite juu ya kidonda bila kukigusa. Mabamba alikuwa ameyaomba. Matundu aliyaanza mwenyewe, kwa drili na jenereta iliyokohoa.

Sasa fikiria mtu wa soko letu, anatoka kuuza ndizi, anachungulia chini ya daraja na kumwona mgeni mwenye kofia ya njano anatoboa chuma cha serikali.

Walimwita Mhandisi wa Mashimo. Aliyeeneza jina hilo alikuwa dereva mmoja wa lori la miwa, mtu mnene mcheshi aliyeendesha huku mkono mmoja umening'inia nje kama wa kupumzishwa. Kila alipopita alipunguza mwendo na kupiga honi.

"Omera, ndugu yangu! Leo umetoboa wapi? Nifanyie moja ya kupitisha kichwa, nione samaki!"

"Punguza mzigo!" Mhandisi alimpigia kelele kutoka chini.

"Mzigo ni wa kiwanda, mimi ni wa mama yangu! Nikipunguza, watoto wangu wale nini, mashimo?"

Watu walicheka, na Mhandisi hakujua kucheka nao. Kosa lake la kwanza lilikuwa hilo, na si dogo. Chifu alimwomba aje barazani aeleze. Ingemchukua robo saa: mafuta ya taa, chaki, waya wa henga, basi. Hata bibi kizee asiyejua kusoma angeelewa, na pengine angeelewa upesi kuliko mimi. Alikataa.

"Daktari hufanya baraza kabla ya kupasua?" aliniuliza.

"Daktari hampasui mgonjwa kwenye njia ya soko."

"Nilisomea hii kitu, Mwalimu. Wao walisomea wapi?"

Nilimpenda, lakini siku hiyo nilitamani kumpiga kwa henga. Alikuwa na dharau ile ya watu wanaosema kweli, ambao huona kwamba kweli ikishasemwa mara moja kwa sauti ya chini, na tena kwa Kiingereza, kazi imekwisha.

Mtu huyo aliyesikia ufa kwa nyundo hakuusikia mlango wake mwenyewe. Ulikuwa umeng'oka bawaba ya juu na akaufunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Kila alipoufungua ulilia kama mbuzi. Baiskeli yake nayo ilishikiliwa na mpira, kitanda chake kamba. Mke wake alipokuja kutoka Migori, mwanamke wa sauti kubwa na kicheko cha haki, alisimama mlangoni na kuwaambia majirani: "Mnamwona bwana yangu? Anajua chini ya daraja kuliko chini ya kitanda chetu. Huko kuna panya wanalipa kodi." Mhandisi aliinamisha kichwa na kuendelea kukunja waya.

Hakula nyama ya nguruwe, hakunywa chai ya rangi wala kahawa, hakumwazima mtu nyundo. Na Jumamosi hakufanya kazi. Alikuwa Msabato wa kweli, wa wale wanaopika chakula Ijumaa kabla jua halijazama na kuacha vyombo bila kuoshwa mpaka jua la kesho lizame. Mimi nililelewa na mapadre wa Asumbi, kwa hiyo dhambi zangu zilikuwa na ratiba tofauti. Tulitaniana. Nilimuuliza: je, ufa nao hushika Sabato? Alinijibu bila tabasamu: "Ufa haujaahidiwa mbingu."

Sisi wote tulijua Jumamosi yake. Ndiyo maana walichagua Jumamosi.

Mkubwa fulani alikuwa apite njia yetu kwenda kufungua kitu fulani. Diwani aliona aibu: daraja lina matundu, na matundu yamezungushiwa chaki kama madonda. Basi ikafanywa harambee. Hakuna aliyeifanya kwa ubaya, na hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Wanawake wa soko walileta uji. Vijana walileta mbao. Wachomeleaji wa jua kali walileta mashine zao, wale wanaotengeneza mageti na viti vya kanisa, mafundi wazuri kabisa kwa mageti na viti. Wakaanza kuyajaza matundu kwa moto, moja baada ya jingine, na nyuma yao mtu mwenye ndoo ya rangi ya fedha. Cheche zilidondoka mtoni, na watoto walizishangilia. Dereva wa miwa aliegesha lori lake na kuwashikia kamba.

"Mwalimu! Leo tunaziba mdomo wa Mhandisi!"

Niliwaambia waache. Nilieleza ncha, tundu, panya na debe. Diwani aliniwekea mkono begani kwa upole. "Mwalimu, wewe ni wa mashairi, si ndiyo?" Nilikuwa wa mashairi. Niliondoka.

Nilikwenda kanisani kwao, njia ya juu kidogo ya soko. Mhandisi alikuwa amesimama mbele ya kundi la watu wazima akiongoza somo, koti limepigwa pasi, Biblia wazi mkononi. Nilimwita kwa ishara mpaka akatoka mlangoni.

"Wanayaziba," nilisema. "Matundu yote. Kwa kuchomelea."

Sijasahau uso wake. Alijua kuliko mtu yeyote duniani maana ya maneno yale: kwamba moto ungekikaza chuma kile, kwamba ndani ya kila kizibo zingezaliwa ncha mpya kali kuliko zile za kwanza, zimefichwa chini ya rangi. Aligeuka akatazama upande wa mto. Kutoka pale ungeona moshi wa mashine. Mguu wake mmoja ulikuwa tayari umeshuka ngazi.

"Njoo," nilisema. "Wewe watakusikia. Hata ukiwatukana."

Ndani walianza wimbo. Mzee mmoja wa kanisa alitutazama kwa juu ya miwani. Mhandisi akaurudisha mguu wake.

"Jua likizama," alisema, na kuingia ndani.

Jua lilipozama alikuja, angali amevaa koti. Watu walikuwa wameondoka, na mkubwa mwenyewe, kama ilivyojulikana baadaye, alibadilisha njia. Mhandisi alipanda akashika vizibo kimoja kimoja. Vilikuwa bado na joto. Hakutukana, hakulia, hakuvunja waya wowote. "Wamekishona kidonda na usaha ndani," ndilo neno lake pekee. Wiki iliyofuata alitaka kutoboa upya, akakuta drili imechukuliwa na ofisi, na onyo kwamba atakayetoboa mali ya serikali tena atashtakiwa. Mabamba yenye bolti hayakuja. Labda yako mahali fulani mpaka leo, yamekuwa geti.

Hata msimu wa kuvuna miwa haukuwa umekwisha. Siku ya soko, mchana, mhimili wa pili ulikatika kwa mlio ambao mimi niliusikia darasani nikadhani ni mti unaoanguka. Sakafu ya zege ililala upande, na lori la miwa likateleza polepole, wanasema, polepole sana, mpaka likaingia mtoni kichwa mbele. Utingo aliruka. Dereva mnene mcheshi hakuruka. Mkono wake ulikuwa nje ya dirisha kama kawaida.

Ofisi ilituma wachunguzi. Walitazama chuma kilichokatika, wakaona kwamba mpasuko umepita katikati ya tundu, wakaandika hivyo, na walichoandika kilikuwa kweli. Kuhusu kizibo hawakuandika. Soko zima likasema: si tulisema? Mtu anatoboa daraja, daraja linakatika palipotobolewa. Hilo linahitaji chuo kikuu? Mhandisi akapumzishwa kazi.

Alikwenda kwenye mazishi. Nilimsihi asiende, akaenda, na koti lile lile. Vijana walimsogelea wakiwa wamekunja ngumi, lakini mjane wa dereva aliwaambia wamwache afike kaburini. Alikuwa mwanamke mwembamba, sauti imemkauka.

"Mhandisi, wewe ulijua hiyo daraja itaua mtu?"

"Nilijua, mama."

"Na ile siku walikuwa wanaziba, bwanangu akiwashikia kamba, wewe ulikuwa wapi?"

Angeweza kusema mengi. Kwamba walimwibia siku yake, kwamba walichagua Jumamosi makusudi, kwamba marehemu mwenyewe alicheka. Alisema: "Kanisani."

"Na uliambiwa?"

"Niliambiwa."

Mjane akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa bei. "Basi Mungu wako akulipe," alisema, na hakuna aliyejua hiyo ni baraka au ni nini. Vijana wakalegeza ngumi. Hakupigwa. Nadhani angependa wampige.

Alihama kwenda kwa mke wake Migori. Daraja liliinuliwa kwa jeki, mhimili uliokatika ukaungwa kwa kubandikwa bamba na kuchomelewa, mihimili mingine ikaachwa na vizibo vyake, na yote ikapakwa rangi ya fedha. Malori yakarudi. Zilipokuja zile mvua za El Niño na kubeba madaraja ya watu wengine, letu lilibaki limesimama, na diwani akalitaja kwenye kila mkutano.

Mimi nilihamishiwa Homa Bay mjini, nikaoa, nikanunua gari lililokataa kuwaka asubuhi, nikaanza kuandika makala ambazo wenzangu walizisifu bila kuzisoma. Nilikuwa na desturi moja tu ya kishujaa: nikifika daraja lile nilimwachia mke wangu usukani, nikavuka kwa miguu. Aliniuliza kama nilidhani yeye na watoto wana uzito mdogo kuliko wangu. Baada ya hapo tulivuka sote kwa miguu, kisha nikarudi kulichukua gari peke yangu, nikiona aibu mbele ya wenye baiskeli.

Mwishoni mwa miaka ile ya tisini nilikuwa naenda Asumbi kwenye mkutano wa wazazi wa shule ya wasichana, peke yangu. Nikalisimamisha gari kabla ya daraja, nikaona baiskeli imelazwa kwenye majani ya ukingo. Usukani wake ulikuwa umefungwa kwa ukanda wa mpira. Nikateremka.

Alikuwa juu ya jukwaa lake la mbao, mgongo umepinda, kofia ya njano imekuwa nyeupe. Alikuwa anapangusa mafuta ya taa. Hakushtuka kuniona.

"Mwalimu. Una chaki?"

"Mhandisi, umeajiriwa tena?"

"Na nani?"

Nilipanda. Wala yeye wala mimi hatukuwa wa kupanda tena. Alikuwa amekwangua rangi ya fedha kwenye mhimili wa tatu, na pale palikuwa na ufa, si unywele tena, uzi kamili, umekwisha kula unene wa chini na kupanda kuelekea ubavuni. Kando yake kulikuwa na alama ndogo za patasi, zimepangana kama ngazi, kila moja mbele ya mwenzake kidogo.

"Hizi ni nini?"

"Pale ulipofika kila nikija. Nakuja kwa baiskeli kutoka Migori, nalala kwa mtu wa kanisa." Akachovya kitambaa kwenye mafuta. "Zamani alikuwa mwenzangu wa kanisa. Mimi siendi sana siku hizi."

Ndipo nilipokumbuka ni siku gani. Mkutano wa wazazi hufanywa Jumamosi.

"Mhandisi. Leo ni Jumamosi."

"Najua ni siku gani." Alipiga chuma kwa nyundo, akasikiliza. "Mimi huja siku hiyo tu. Zingine nauza vitambaa."

Nilimuuliza kwa nini asitoboe, hata kwa drili ya mkono, hata kwa kuiba. Akaniambia alitoboa mara moja, wakamkamata, na tundu likazibwa kabla hajatoka kituoni. Alikwenda ofisini Homa Bay, wakamtambua mlangoni, wakacheka. Alikwenda kwa chifu. Mwishowe, mtu huyu aliyekataa baraza, alikwenda barazani na mafuta yake ya taa na chaki, na watu wakaondoka mmoja mmoja kabla hajaiponda.

"Nenda wewe," alisema. "Wewe watakusikia."

Maneno hayo niliyajua. Nilikuwa nimeyasema mimi, kwenye ngazi za kanisa.

"Mimi ni wa mashairi, Mhandisi."

"Ndiyo maana. Hujawahi kutoboa kitu maishani mwako."

Nilipanda ukingo, tope kwenye viatu vya mkutano. Lori la miwa lilikuwa linakuja upande wa pili, limejaa hadi trela, na bila kujua nitasema nini nilikwenda mpaka katikati ya daraja nikainua mkono. Lilisimama. Dereva, kijana, alitoa kichwa.

"Jaduong', mzee wangu, umeishiwa mafuta?"

"Hili daraja lina ufa. Usipite na mzigo huo."

"Nani amesema?"

Nilifungua mdomo. Jina la Mhandisi lilikuwa pale kwenye ulimi, na nilijua kabisa kicheko kitakachofuata. Kwa hiyo nikasema, kwa sauti ya darasani, "Mimi."

"Na wewe ni nani?"

Nyuma yake kulikuwa na pikipiki, gari la mkate, wanawake na vikapu, wote wananingoja nijibu. Dereva hakupiga honi, alikuwa kijana mwenye adabu. Aliliondoa lori taratibu, akanipitia kwa kunikwepa, mabua ya miwa yakinigusa bega. Chini ya miguu yangu nilihisi daraja likishuka, likashuka zaidi ya nilivyolikumbuka, na nyundo ya Mhandisi ikanyamaza kule chini.

Kisha daraja likarudi, kama waya wa henga.